Usimwachie mtoto mwenye ulemavu kazi ya kulinda ndala

Saa kumi na moja jioni, jua likipungua makali, watoto wa mtaa hutoka. Wavulana wanaanza chandimu kwenye kiwanja cha vumbi, wasichana wanachora mstari wa rede, wadogo wanajificha kombolela nyuma ya kibanda cha chipsi. Pembeni, juu ya tofali au kwenye kiti mwendo, yupo mmoja asiyecheza. Pengine miguu yake haina nguvu, pengine macho hayaoni vizuri, pengine mikono haimtii. Wenzake hawamchukii. Wamempa na kazi: "Wewe kaa hapa, utuangalizie ndala."

Wazazi wengi wenye mtoto wa namna hiyo wanaijua picha hii, na wapo wanaoshukuru kuiona. Angalau yuko nje, angalau ana wenzake. Lakini mtoto anayelinda ndala kila jioni kwa miaka sita anajifunza jambo moja na analielewa vizuri: mchezo ni wa wengine.

Mwili nao unajifunza. Misuli isiyotumika husinyaa, viungo hukakamaa, choo kinakuwa kigumu, usiku usingizi haukamatiki. Uzito unapanda wakati nguvu hazipandi. Anayejua gharama ya hilo ni mama anayembeba mtoto wa miaka kumi kutoka kitandani hadi chooni na kumrudisha, mara nne au tano kwa siku. Siku mtoto huyo atakapoweza kushika ukingo wa kitanda na kujivuta kwa mikono yake, hata kidogo tu, kiuno cha mama kitajua tofauti. Nguvu hizo hazitoki kwenye dawa. Zinatoka kwenye kurusha, kusukuma, kuvuta na kutambaa, na mtoto hufanya hayo mara mia bila kuhesabu kama anacheza.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi ambao una sehemu yake kwa watoto wenye ulemavu. Kwa wa miaka 5 hadi 17, shirika linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazofanya moyo uende mbio kidogo, pamoja na za kujenga misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Ni kiwango kile kile walichopewa watoto wasio na ulemavu. Mwongozo huo unaeleza pia kwamba mazoezi hayana hatari kubwa kwa mtoto mwenye ulemavu iwapo yanalingana na uwezo na afya yake, na kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Dakika 60 zinatisha, hasa kwa mzazi anayerudi kazini saa mbili usiku. Anza na kumi.

Mazoezi ya hospitali ni jambo jingine

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wakisikia neno "mazoezi" huanza kulia. Wana sababu. Kwao mazoezi ni kulazwa kwenye godoro huku mtu mzima akiinyoosha miguu iliyokaza, na inauma. Mazoezi hayo ya mtaalamu wa viungo yaendelee kama alivyoelekeza, wala mchezo hauyafuti. Ila mtoto anahitaji pia mwendo anaoutaka mwenyewe, usio na maumivu wala mtu wa kumhesabia moja mpaka ishirini.

Kuujua mwendo huo ni kazi ya kuchunguza. Anayeweza kusema ataulizwa, tena apewe vitu viwili achague. Swali la "unataka kufanya nini?" linamchanganya mtoto ambaye maisha yake yote amechaguliwa. Asiyesema naye ana jibu lake. Msukume kwenye bembea, kisha simamisha ghafla ungoje. Akitoa sauti, akirusha miguu, akikutazama usoni bila kupepesa, amesema tena. Akigeuza uso, naye amesema.

Na jibu laweza kuwa lile mzazi asilolitarajia. Baba alishanunua mpira, kumbe mtoto mwenye usonji anataka kurukaruka juu ya godoro kuukuu dakika ishirini bila kuguswa na mtu. Aruke. Mwingine anaziba masikio kwenye kelele za kiwanjani lakini atatembea kwa furaha njia ile ile kila jioni hadi kwenye mwembe na kurudi. Mwingine hataki mchezo wowote mpaka muziki upigwe, na singeli ikilia, mabega na mikono vinacheza hata kama miguu imetulia kwenye kiti. Akitoka jasho, hayo ni mazoezi.

Badili mchezo, mwache mtoto alivyo

Kosa la kawaida la watu wenye nia njema ni kumtaka mtoto afanane na mchezo. Anyanyuliwe, ashikwe kwapa, akimbizwe nusu ya kiwanja na kaka yake ili naye "acheze mpira". Baada ya dakika tatu wote wamechoka na mtoto amerudishwa kwenye tofali.

Waliobuni michezo ya watu wenye ulemavu walienda kinyume cha hapo, wakaugusa mchezo wenyewe. Chukua mpira wa wavu wa kukaa. Wachezaji wote huketi chini, wavu huteremshwa hadi mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na kiwanja hufupishwa kiwe cha mita 10 kwa 6. Anayepiga mpira haruhusiwi kuinua makalio sakafuni. Timu ya wanaume ya Rwanda ilicheza mchezo huo kwenye Paralimpiki ya London mwaka 2012, na ya wanawake ikafuata Rio mwaka 2016.

Nyumbani hauhitaji Paralimpiki. Tandika mikeka miwili, funga kamba ya kuanikia nguo kati ya mti na nguzo, usawa wa kifua cha mtu mzima aliyekaa, tafuta mpira mwepesi. Kisha sheria moja tu: kila mtu anakaa. Dada mkubwa anayejua kukimbia kuliko wote atagundua kwamba akiketi hajui hata kusogea, na yule aliyezoea kutambaa kwa mikono atamzidi. Watoto wa jirani nao watakuja, maana ni mchezo mpya na unachekesha.

Golboli imejengwa kwa wazo hilo hilo, ila kwa macho. Ilianza mwaka 1946 huko Ulaya kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na imekuwamo kwenye Paralimpiki tangu mwaka 1976. Kila upande una wachezaji watatu, wote wamefunikwa macho, hata anayeona kidogo. Mpira una kengele ndani. Anayeshambulia huubingirisha kwa nguvu kuelekea goli lenye upana wa mita 9, wanaolinda husikiliza, kisha hujilaza ubavu chini kuuzuia. Watazamaji hukaa kimya kabisa hadi goli liingie.

Mpira wa kengele ni ghali na haupatikani kila duka. Watoto wasioona wamekuwa wakicheza bila huo kwa miaka mingi: mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa nailoni unaochakacha, au kopo la plastiki lenye kokoto chache, mfuniko ukafungwa kwa gundi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Tanzania mwaka 2019, mfuko wenyewe umekuwa adimu, lakini ule unaofungia mkate bado unachakacha vizuri. Kitakachowashinda watu wa nyumba nyingi ni kukaa kimya.

Mzazi anayegeuza mgongo

Upo mchezo mmoja ambao haujulikani sana Afrika Mashariki, na ambao ungefaa kila nyumba yenye mtoto aliyekazwa viungo vyote. Unaitwa bocha, ukiutafuta kwenye video za simu, andika boccia. Ulikusudiwa hasa watu wenye mtindio wa ubongo na uliingia Paralimpiki mwaka 1984.

Unachezwa hivi. Mpira mweupe hurushwa mbele. Kila upande una mipira sita, mmoja myekundu na mwingine ya bluu, nao hupokezana kuirusha au kuibingirisha ili ikae karibu na ule mweupe. Mwishoni anayepata alama ni mwenye mpira ulio karibu zaidi, na kila mpira wake uliomtangulia mpira bora wa mpinzani huhesabiwa. Hakuna kukimbia wala kugongana. Hata hivyo unachosha, kwa sababu mtu ambaye mkono wake huenda utakako anapoulazimisha kuachia mpira kwa wakati mmoja barabara, mwili wote unafanya kazi.

Na asiyeweza kurusha kabisa? Huyo hutumia mfereji. Msaidizi wake huushika mfereji wenye mteremko, mpira huwekwa juu, mchezaji huuachia kwa kidole, kwa kidevu au kwa kijiti kilichofungwa kichwani. Sasa sikiliza sheria inayomhusu msaidizi: anakaa ameupa uwanja mgongo, na haruhusiwi kugeuka kutazama mipira ilipo. Mchezaji ndiye anayeona. Yeye anaamua mfereji uende kushoto au kulia, upande au ushuke, na msaidizi anatii. Akikosea, amekosea mwenyewe. Akishinda, hakuna wa kumwambia kwamba alisaidiwa.

Kwa mzazi aliyezoea kumlisha, kumvisha, kumfuta na kumjibia maswali mtoto wake, kukaa dakika kumi umegeuza mgongo huku ukisubiri amri yake ni zoezi gumu kuliko la mtoto. Wengi wataiba jicho. Wengine watausogeza mfereji kidogo kwa huruma. Vumilia.

Vifaa vyake ni vya nyumbani. Soksi kuukuu zilizojazwa mchanga au mahindi na kushonwa hufaa kwa anayeweza kurusha, kwani hazibingiriki mbali na vidole dhaifu vinazishika kwa urahisi. Sita zipakwe rangi au zifungwe kitambaa chekundu, sita za bluu, moja nyeupe. Kwa mfereji, fundi bomba akupasulie kipande cha bomba pana la plastiki kwa urefu, mita moja au zaidi, kisha utumie mipira midogo inayobingirika. Mfereji huegemezwa kwenye kiti au stuli. Kama mtoto hasemi, mkubaliane ishara: macho kushoto, macho kulia, kufumba ni "hapo hapo".

Usimwachie ashinde kila siku. Mtoto anajua, na kaka zake wanajua, na mchezo wa kuigiza hauna ladha kwa yeyote.

Kamba fupi ya watu wawili

Mkenya Henry Wanyoike alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, baada ya kupatwa na kiharusi. Miaka mitano baadaye alikuwa Sydney akikimbia mita 5,000 kwenye Paralimpiki. Kiongozi wake, mtu mwenye macho yake mazima, aliishiwa nguvu kabla ya mwisho. Wanyoike ndiye aliyemvuta hadi kwenye mstari, na akatwaa dhahabu. Mwenzake Samwel Mushai Kimani, ambaye pia haoni, alishinda mita 1,500 London mwaka 2012 na tena Rio mwaka 2016.

Wakimbiaji hawa huunganishwa na kiongozi kwa kamba fupi inayoshikwa mkononi. Kiongozi haruhusiwi kumvuta mkimbiaji, na kwa sheria za sasa mkimbiaji lazima avuke mstari kabla yake. Kwa mtoto, kamba ya kiatu yenye fundo kila upande inatosha. Aanze kwa kutembea na mtu anayemwamini kwenye kiwanja cha shule asubuhi, kabla hakijajaa. Kiongozi anasema tu: tuta linakuja, tunakata kulia, sasa pamenyooka. Pakinyooka, wakimbie. Yapo mambo ambayo mtoto asiyeona huwa hayajui kabisa hadi siku hiyo, na upepo wa usoni kutokana na mwendo wake mwenyewe ni mojawapo.

Kwa aliyepoteza mguu, mfano uko karibu zaidi. Timu ya taifa ya Tanzania ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Istanbul mwaka 2022. Wachezaji wa ndani ni watu wenye mguu mmoja wanaokimbia kwa magongo, golikipa ana mkono mmoja, timu ni ya watu saba, na gongo likigusa mpira kwa makusudi ni kosa. Video zao zipo kwenye simu. Zioneshwe kwa mtoto, na pia kwa wale wavulana wa chandimu, maana wao ndio wanaopanga timu jioni. Angalizo moja: mtoto anayetumia magongo ya kwapani asiyaegemee kwa kwapa wakati wa kukimbia. Uzito uende kwenye viganja, la sivyo mishipa ya fahamu hubanwa na mikono kufa ganzi.

Yanayohitaji daktari kwanza

Hapa bibi na shangazi wanaosema "mwacheni mtoto apumzike" wana haki ya kusikilizwa nusu. Si kila mchezo ni wa kila mtoto.

Mtoto mwenye Down syndrome anaweza kuwa na viungo vilivyolegea vya shingo, kwa hiyo sarakasi, kujipindua kwa kichwa na mieleka visubiri daktari aichunguze shingo. Wengi wao pia wana matatizo ya moyo ya kuzaliwa, na hilo nalo liulizwe. Aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hana hisia kwenye miguu: atatambaa juu ya saruji iliyochomwa na jua au kokoto kali bila kulia, na utagundua kidonda siku ya tatu. Mvishe suruali nene, tandika mkeka, na baada ya mchezo mkague magoti, visigino na makalio. Watoto hao hao wengi hupata mzio wa mpira asilia, hivyo mapulizo ya sherehe hayafai kwao. Na kama amewekewa mpira wa kutoa maji kichwani, michezo ya kugonganisha vichwa hapana; akitapika, akilala kupita kawaida au akilalamika kichwa, mwahi hospitali.

Mwenye kifafa anaweza kucheza karibu kila kitu, ila maji na kupanda juu ya miti vinataka mtu mzima aliye umbali wa kunyoosha mkono, sio aliyeko ufukweni anachati. Mwenye ualbino acheze asubuhi na mapema au jioni, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta hayo kwa jina la Kilisun. Kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu, mpira wa rangi kali unawasaidia kuliko ule mweupe au wa kijivu.

Kipimo rahisi cha kujua kama amezidisha: akicheza aweze kuongea, ingawa kuimba kutamshinda. Anayewasiliana kwa ishara, tazama kupumua na rangi ya midomo. Uchovu unaoisha kwa kulala ni wa kawaida. Maumivu yanayobaki kesho yake yanataka mchezo upunguzwe.

Shuleni je?

Shule nyingi zikifika kipindi cha michezo humwacha mtoto huyu darasani, alinde mabegi. Ni ndala tena, kwa jina jingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 30 kinataja wazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo, ikiwemo ya shuleni. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi tisini kiwanjani hatabadilika kwa kusomewa kifungu. Mpelekee zile soksi kumi na tatu, mwoneshe bocha kwa robo saa, umwachie. Mwalimu akiona mchezo usiohitaji kiwanja wala yeye kukimbia, huenda akaupenda kuliko wanafunzi.

Nyumbani, wagumu huwa ndugu zake. Kaka wa miaka kumi na mbili hataki kuacha chandimu yake kila jioni, na asilazimishwe, kwani mchezo ukishakuwa adhabu kwa mmoja, unakuwa mzigo kwa wote. Siku mbili kwa wiki zinamtosha. Siku nyingine ni za baba, mjomba, au mtoto wa jirani aliyeuona ule mpira wa wavu wa mkekani akaomba kuja. Na kuhusu nani atalinda ndala wakati wote wanacheza, watoto wa chandimu wana jibu tangu zamani: mbili huku, mbili kule, hayo ndiyo magoli.